Usiiamini faida ya kwenye simu kabla hujapima ndoo

WAFANYABIASHARA wanaopanda na kushuka kati ya Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa siku hizi wanatembea na ofisi mfukoni. Simu moja ina kalkuleta, kalenda, orodha ya wateja, huduma ya kutuma na kupokea fedha, na programu ya majedwali kama Excel ambayo hujumlisha na kutoa yenyewe. Swali la somo letu wiki hii ni hili: je, ofisi hiyo ya mfukoni inaongeza faida, au inampa tu ujasiri mtu anayekosea?

Mwandishi wa somo hili anajibu kwa hasara yake mwenyewe. Msomaji anaombwa achukue kalamu na karatasi, kwa sababu hesabu zitakazofuata ni fupi lakini zinahitaji kufuatwa hatua kwa hatua.

Jedwali linafanya kazi gani?

Programu ya kwanza ya majedwali kwa kompyuta ndogo, VisiCalc, ilitoka mwaka 1979. Ilibuniwa na Dan Bricklin na Bob Frankston wa Marekani. Bricklin alikuwa mwanafunzi wa biashara katika Chuo Kikuu cha Harvard, akawa anaona jinsi mwalimu anavyofuta namba moja ubaoni na kulazimika kufuta na kuandika upya namba zote zinazoitegemea. Akawaza ubao ambao ukibadilisha namba moja, nyingine zote zinajirekebisha. Lotus 1-2-3 ikafuata mwaka 1983, na Excel mwaka 1985.

Vifaa vya mfukoni navyo vilikuwa njiani. Psion Organiser ya Uingereza ilitoka mwaka 1984, na Pilot ya Marekani, iliyokuja kujulikana kama PalmPilot, mwaka 1996. Hapa kwetu simu za mkononi zilianza mwaka 1994, na huduma ya M-Pesa ikaingia mwaka 2008. Leo kazi ambayo zamani ilihitaji vifaa vitatu inafanywa na simu moja, hata ya bei nafuu.

Faida ya jedwali, basi, ni kurekebisha hesabu zote mara unapobadilisha namba moja. Hatari yake iko hapo hapo. Namba moja ikiwa ya uongo, jedwali halitakuonya. Litaeneza uongo huo kila mahali, kwa haraka na kwa unadhifu.

Safari ya kwanza: faida ya 180,000

Mama mdogo wangu anauza dagaa wa Nyasa katika soko la Mbinga. Tulikubaliana tuunganishe mtaji. Yeye alitoa shilingi 800,000, fedha alizokopa katika kikoba chake na ambazo zilikuwa na tarehe ya kurejeshwa. Mimi nikatoa zilizobaki. Nikateremka Mbamba Bay kununua mzigo, barabara ya lami ya kilomita zipatazo 67, huku simu ikiwa na jedwali nililolitengeneza usiku kucha.

Ufukweni dagaa hununuliwa kwa ndoo ya lita 20. Sokoni Mbinga, mama mdogo huuza kwa sado, yaani kopo la lita 4. Nikagawanya 20 kwa 4, nikapata 5. Kwa hiyo fomula yangu ilisema kila ndoo itatoa sado 5. Hesabu ya kwenye simu ilikuwa hivi:

Ndoo 40 kwa shilingi 30,000: 1,200,000.
Magunia, wapakiaji, usafiri wa mzigo na ushuru: 120,000.
Jumla ya gharama: 1,320,000.
Mauzo, sado 200 kwa shilingi 7,500: 1,500,000.
Faida: 180,000.

Nilimwonyesha mama mdogo namba hiyo ya mwisho, ambayo niliipaka rangi ya kijani. Aliitazama kidogo, akaniuliza, "Mwanangu, hiyo ndoo ya kwenye simu umeipima wapi?" Nikamjibu kwamba lita ni lita, popote pale. Hakubisha.

Wiki tatu baadaye mzigo uliisha. Daftari lake la kurasa zilizolowa mafuta lilionyesha sado 174 zilizouzwa. Simu ilisema 200. Sado 26 hazikuwa na maelezo, nazo zilikuwa na thamani ya shilingi 195,000.

Nakiri hapa jambo ambalo sijivunii. Jambo la kwanza lililonijia kichwani halikuwa kuikagua fomula. Lilikuwa kumshuku kijana anayemsaidia mama mdogo kufungua magunia. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumwita, mama mdogo akanizuia. "Huyu nipo naye mwaka wa nne," alisema. "Simu yako ina mwezi mmoja. Anza na simu."

Sado 26 zilikwenda wapi?

Tulipima. Katika safari iliyofuata nilinunua ndoo moja tu ya majaribio, ikasawazishwa mdomoni kama wauzaji wa ufukweni wanavyofanya, ikasafirishwa ndani ya gunia kama mzigo mwingine wowote, na mama mdogo akaiuza kwa mkono wake mwenyewe. Zilitoka sado nne na zaidi kidogo ya theluthi moja. Ukigawanya 174 kwa 40 unapata 4.35. Kijana hakuwa ameiba hata dagaa mmoja.

Sababu zilikuwa tatu. Kwanza, dagaa ambaye hajakauka sawasawa huendelea kusinyaa baada ya kununuliwa, hasa yule aliyeanikwa siku za mawingu. Pili, gunia likitikiswa njiani dagaa hushikana, na wengine huvunjika na kuwa unga ambao mteja haulipii. Tatu, na hii ndiyo kubwa, ufukweni ndoo husawazishwa, lakini sokoni sado huchongoka. Mteja wa Mbinga haondoki bila nyongeza, na muuzaji asiyeiweka humpoteza mteja huyo kesho yake. Mimi nilikuwa nimenunua kwa kipimo kimoja na kuuza kwa kingine, kisha nikaiambia simu kwamba ni kitu kimoja.

Wanunuzi wa mahindi wanalijua jambo hili kwa jina la lumbesa. Gunia linaloshonwa juu ya mdomo wake linaitwa gunia moja katika hesabu, lakini kwenye mzani ni gunia moja na zaidi. Sheria ya vipimo inalikataza. Jedwali halina macho ya kuliona.

Aidha, kulikuwa na gharama ambazo sikuziandika kabisa: nauli yangu ya kwenda na kurudi, na ada ya kutoa fedha kwa wakala. Jumla ni shilingi 25,000. Hesabu ya kweli ikawa:

Mauzo, sado 174 kwa shilingi 7,500: 1,305,000.
Gharama zote, 1,320,000 na 25,000: 1,345,000.
Hasara: 40,000.

Angalia pia gharama ya sado moja. Simu ilisema ni shilingi 6,600, yaani 1,320,000 kugawanya kwa 200. Ukweli ulikuwa takriban shilingi 7,730, yaani 1,345,000 kugawanya kwa 174. Kila sado tuliyoiuza kwa 7,500 ilitupunguzia mtaji kwa shilingi 230, nasi tulikuwa tunafurahia wateja wengi. Deni la kikoba mama mdogo alilirejesha kwa wakati, lakini alitoa sehemu katika fedha za ada ya shule ya mwanawe.

Msomaji asidhani kwamba makosa ya namna hii ni ya wadogo peke yao. Mwaka 2012 benki ya Marekani ya JPMorgan Chase ilipata hasara ya zaidi ya dola bilioni 6 katika biashara iliyoendeshwa na ofisi yake ya London. Ripoti ya benki yenyewe ya Januari 2013 ilieleza kwamba mfumo wa kupima hatari ulitegemea majedwali ya Excel yaliyojazwa kwa kunakili kwa mkono, na kwamba fomula moja iligawanya kwa jumla ya namba mbili badala ya wastani wake, hivyo hatari ikaonekana ndogo kuliko ilivyokuwa. Kosa hilo halikuwa chanzo cha hasara yote, lakini ni ndugu wa kosa langu: kigawanyo kimoja kibaya, kimefichwa ndani ya fomula ambayo hakuna aliyerudi kuitazama.

Geuza jedwali: anzia sokoni, rudi ufukweni

Hapa ndipo somo lenyewe lilipo. Wengi wetu huanza na bei ya kununulia, tunaongeza gharama, kisha tunaomba Mungu soko likubali. Jedwali lina manufaa zaidi likigeuzwa. Anza na bei ambayo mteja wa Mbinga anailipa leo, rudi nyuma hadi upate bei ya juu kabisa unayoweza kulipa ufukweni.

Kwa mzigo ule ule wa ndoo 40 hesabu huenda hivi. Mauzo halisi ni 1,305,000. Toa gharama zote zisizo za kununulia dagaa, 120,000 na 25,000, yaani 145,000. Inabaki 1,160,000. Gawanya kwa ndoo 40, unapata 29,000. Hiyo ni bei ya kurudisha mtaji bila faida wala hasara. Mimi nilinunua kwa 30,000, kwa maana hiyo nilipata hasara pale pale ufukweni, kabla gunia la kwanza halijashonwa.

Ukitaka faida ya shilingi 100,000, itoe pia: 1,160,000 kutoa 100,000 ni 1,060,000. Gawanya kwa 40, unapata 26,500. Sasa una namba moja tu ya kuikumbuka. Ukifika ufukweni na bei ni 29,500, unaaga kwa heshima na kusubiri. Umepoteza nauli, lakini umeokoa mtaji.

Kusubiri nako kuna utaratibu wake. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi inapokuwa kali mavuno hupungua na bei hupanda. Kwa hiyo katika jedwali langu niliongeza safu moja ambayo sikuifundishwa chuoni: hali ya mwezi siku ya kununua. Baada ya safari chache safu hiyo ilinisaidia kupanga siku za kuteremka kuliko fomula nyingine yoyote niliyokuwa nayo.

Simu inapozama

Hasara ya pili ilinipata nikishuka kutoka kwenye mtumbwi. Simu ilikuwa katika mfuko wa shati. Nikainama kushika ukingo, simu ikaingia majini. Ilipotolewa haikuwaka tena.

Ndani yake kulikuwa na orodha ya wadeni 11 waliochukua dagaa kwa mkopo. Faili lilikuwa katika simu hiyo peke yake. Nilichokuwa nacho ni kumbukumbu ya majina manne. Saba waliobaki walipatikana katika daftari la mama mdogo, ambaye kila jioni alikuwa ameandika majina, kiasi na tarehe ya ahadi, bila kuniambia.

Waliotumia PalmPilot wanakumbuka kwamba kifaa kile kiliuzwa na kitako chake. Ulikiweka juu ya kitako, ukabonyeza kitufe kimoja, na kila kitu kikanakiliwa kwenye kompyuta. Watengenezaji walijua tangu mwanzo kwamba kitu cha mfukoni ni kitu cha kupotea. Sisi tumepata simu, tukasahau kitako. Kwa mfanyabiashara wa mwambao ambako mtandao hukatika na chaji huisha, kitako ni mambo mawili: nakala ya faili inayotumwa kwa mtu unayemwamini mara upatapo mtandao, na daftari la karatasi lenye jumla za siku.

Kahawa na hisa: ndoo zenye majina mengine

Mkulima wa kahawa wa Mbinga ana ndoo yake pia. Bei inayotangazwa mnadani ni ya kilo ya kahawa safi, iliyokwisha kukobolewa. Kahawa anayoipeleka katika chama cha msingi, baada ya kumenywa, kuoshwa na kukaushwa, bado ina ganda lake la ndani. Kwa kawaida kilo 100 za kahawa yenye ganda hutoa kilo zipatazo 80 za kahawa safi. Mkulima anayezidisha kilo zake 100 kwa bei ya mnada ameongeza robo nzima juu ya mapato yake kabla hata makato hayajaanza. Akikopa kwa kutegemea namba hiyo, msimu utamkuta na deni. Dawa ni ile ile: katika jedwali, weka kisanduku cha peke yake kwa uwiano wa kilo safi kwa kilo ghafi, ukirekebishe kwa matokeo halisi ya kiwandani ya msimu uliopita.

Mwekezaji mdogo wa hisa naye asijione yuko salama. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza kuuza na kununua hisa mwaka 1998, na siku hizi oda inaweza kutolewa kwa simu ukiwa Liuli au Lituhi. Urahisi huo huficha ada. Tuseme, kwa mfano tu, umenunua hisa kwa shilingi 500 na ada zote ni asilimia 2 wakati wa kununua na asilimia 2 wakati wa kuuza. Hisa imekugharimu 510. Ili uipate 510 mkononi baada ya ada ya kuuza, ni lazima bei ifike takriban 520. Mtu anayeona 510 kwenye simu na kushangilia faida ya shilingi 10 anashangilia hasara. Bei ya kurudisha mtaji iandikwe siku ile ile ya kununua, kama ile 29,000 ya dagaa.

Utaratibu tunaopendekeza

Kabla ya kununua simu ya gharama au kulipia programu, tembea na daftari dogo kwa wiki mbili. Jeff Hawkins, mmoja wa wabunifu wa PalmPilot, alitembea na kipande cha mti mfukoni chenye ukubwa wa kifaa alichokusudia kukitengeneza, akawa anakitoa na kujifanya anaandika, ili ajue ni wakati gani hasa angekihitaji. Daftari ni kipande chako cha mti. Yale unayoyaandika kila siku ndiyo safu za jedwali lako. Usiyoyaandika hata mara moja hayahitaji programu.

Baada ya hapo fuata mambo haya matano.

1. Pima kipimo. Chukua ndoo, gunia au kilo moja ya majaribio kutoka mahali pa kununua hadi mkononi mwa mteja. Penye mzani, tumia kilo.

2. Usifiche uwiano ndani ya fomula. Ile 4.35 iwe katika kisanduku chake, juu ya jedwali, na tarehe ulipoipima. Masika na kiangazi hazitoi namba moja.

3. Andika gharama ndogo siku hiyo hiyo: nauli, ada za miamala, chakula cha safarini, mpakiaji. Taarifa ya miamala ya simu itakukumbusha zile za kielektroniki, lakini mpakiaji hatoi risiti.

4. Tenganisha mfuko wa nyumbani na wa biashara. Sado mbili zilizopikwa nyumbani nazo ni mauzo, mnunuzi ni wewe.

5. Kila jioni andika katika daftari jumla tatu: fedha taslimu, mali iliyobaki, na madeni. Zikitofautiana na simu, tafuta sababu kabla ya kulala, na kabla ya kumtuhumu mtu.

Hitimisho

Mama mdogo sasa ana simu yake ya kisasa, na jedwali ninamsomea mimi. Kisanduku cha kwanza juu kabisa kinasema sado 4.35 kwa ndoo. Kila msimu unapobadilika anapima upya, kisha ananiambia namba ya kuandika. Mimi ndiye niliyesomea biashara, lakini ndoo anaipima yeye.

Zoezi la wiki: chukua mzigo wako wa mwisho, hesabu ulichouza kweli, gawanya kwa ulichonunua, na uandike jibu. Kama hulijui jibu hilo, hata simu yako hailijui.